Chumba cha Mama Mkwe

Dalali wa nyumba Tunduma hana duka. Duka lake ni jina lake, na jina likishapasuka hakuna fundi wa kulipiga plasta. Fatu alilijua hilo kuliko madalali wote aliokuwa akikaa nao kwenye kibaraza cha wauza matairi, karibu na mpaka, kumngoja mwenye nyumba ya kuuza na mwenye haja ya nyumba. Alikuwa mwanamke peke yake pale. Walimwita Mama Ikram, kwa jina la binti yake aliyekuwa akisoma shule ya bweni, na wateja walimpendea jambo moja: mwanamke anaingia popote. Dalali mwanamume akifika kwenye mji wa watu ataonyeshwa sebule na uani, ataambiwa vyumba viko vinne, naye ataamini. Fatu alikaribishwa mpaka chumbani.

Mwaka ule udalali ulikuwa umeingia shubiri. Nyumba zilikuwa zikiota mjini kama uyoga, kila mtu anataka kuuza mchele ng'ambo ya mpaka, kila mtu anataka stoo, na mafundi nao wanajenga kwa haraka ya mtu anayekimbia mvua. Yassir, dalali mwenzake kutoka Kondoa, mtu mpole hata nzi hamfukuzi, alimpatia mfanyabiashara mmoja nyumba nzuri ya kutazama. Yule bwana alikuwa na haraka zake. Aliambiwa aje na fundi, akacheka, akasema macho yake yanamtosha. Masika yalipofika sakafu ikatoa maji kama kisima, na yule bwana hakuyakumbuka macho yake, alimkumbuka Yassir. Wapakia mizigo wakatumwa. Yassir akapigwa pale pale kibarazani, mchana, watu wanatazama, na alipopata nafuu akapanda basi la kwao na hakuonekana tena.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Fatu hakuumwa yeye, lakini aliyaona meno yakiingia. Akajiwekea sheria: mteja akikataa fundi, akatae mbele za watu. Si kwenye karatasi. Mpakani pale karatasi yoyote inagongwa muhuri wowote kabla chai haijapoa. Akatae kwa mdomo wake, balozi wa nyumba kumi asikie, na jirani mmoja asikie. Kesho dunia ikigeuka, wawepo wa kusema.

Nyumba ya kwanza kutumia sheria hiyo ilikuwa nyumba ya Mama Enesi.

Mama Enesi alikuwa mjane, Mnyiha wa Mbozi. Mumewe, marehemu Ambilikile, alichoshwa na kahawa, akateremka Tunduma kutafuta pesa ya haraka, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Kisha akafa, akamwachia mkewe mji wa malori na honi. Mama Enesi alitaka kurudi kwao, karibu na Mbozi Mission, kwenye kanisa lake na mibuni yake. Na mnunuzi alikuwa amekwisha kupatikana, tena wa nyumbani: Wiliam, mume wa binti yake Rozi, mkulima wa Ruanda, kijiji cha huko huko Mbozi, aliyechoka kuuza mahindi kwa walanguzi wa Mlowo halafu kuona wao ndio wanaojenga.

Mtu wa kuja atauliza: mama mkwe anamuuzia mkwewe, dalali wa nini tena? Atauliza kwa sababu hajui ukwe. Wiliam hakuweza kumtazama mama mkwe wake usoni, seuze kukaa naye wakapatana bei. Akimwona anakuja njiani alikuwa akijitupa shambani kwa mtu, asimame kwenye mahindi mpaka mama apite. Walikuwa Wamoraviani wote wawili, Jumapili wanaimba wimbo mmoja, lakini hata kanisani Wiliam alichagua benchi ambalo nguzo ilimkinga. Basi wakahitaji mdomo wa kukodi. Mdomo huo ukawa Fatu, Mwislamu, baba yake mtu wa Ujiji, asiye na ukwe na yeyote kati yao.

Mama Enesi alimpitisha nyumba nzima. Sebule safi, jiko zuri, vyumba vya nyuma havina neno. Chumbani kwake mwenyewe kulikuwa na kitanda, sanduku, na kabati kubwa la mninga lililosimama mahali pasipo na akili, katikati ya ukuta wa nje, nusu limeziba dirisha. Fatu aliona pia kwamba kabati limeinama. Akasogea, akachungulia nyuma yake. Ufa ulikuwa umeanza chini kwenye sakafu na kupanda mpaka karibu na dari, na pale chini kiganja cha mtu kingeweza kuingia. Hewa ya baridi ilikuwa ikitoka humo, yenye harufu ya udongo wa zamani.

"Kabati hilo zito, mwanangu," Mama Enesi alisema nyuma yake. "Liache lilivyo."

Fatu akaliacha. Wenye methali zao watasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ulikuwa umezibwa, tena kwa mninga.

Siku ya kuonyesha nyumba, Wiliam alikuja na Rozi. Mama Enesi aliondoka mapema, akaenda kwa jirani, ili mkwe apumue. Wiliam alikagua kama mtu anayejua anachotaka: akapima uani kwa hatua, akatikisa mlango wa nyuma, akafungua bomba. Alipofika kwenye mlango wa chumba cha mama mkwe aligeuza uso haraka, kana kwamba mtu anaoga ndani.

"Hicho sikitazami," alisema.

"Unakinunua, lakini," Fatu akasema.

"Nanunua nyumba, dada. Chumba cha mama kitakuwa humo humo. Sina haja ya kukiona."

"Basi nikuletee fundi. Yupo Raphaeli, mwashi mzuri, hana maneno. Atagonga kuta, atachungulia dari na msingi, atakwambia. Ukae ukijua umenunua nini."

Wiliam alimtazama kwa masikitiko, kama mtu anayemwonea huruma asiyefunzwa kwao. "Fundi niliyemtuma mimi akagonge ukuta wa chumba anacholala mama mkwe wangu? Kesho Mbozi nzima itasema Wiliam wa Ruanda kampeleka mwanamume akakague kitanda cha mkwewe. Na mama mwenyewe atasema nimemfanya mwizi. Hapana, dada."

"Mimi nimeingia humo. Ni mwanamke, hakuna ubaya. Nilichokiona ni..."

"Dada!" Alinyanyua mkono wake wazi, karibu ufunike mdomo wa Fatu. "Usiniambie. Neno lolote la chumba kile lisifike masikioni mwangu. Heshima si utumwa."

Fatu alikasirika. Alikasirika kweli, damu ikampanda, kwa sababu ni tusi kumnyamazisha mtu anayetaka kukuokoa. Lakini chini ya hasira ile kulikuwa na kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa nafuu. Alikuwa amejaribu. Mwenye masikio ameyaziba mwenyewe. Nyumba itauzwa, ada ya Ikram italipwa, na hakuna atakayesema Fatu hakufungua mdomo.

Akawaita mashahidi. Balozi Osward alikuja na kofia yake ya enzi za kazi ya reli, na Nesta, jirani muuza maandazi, akaja na unga mikononi. Wakasimama uani, wote watano, Rozi kando kidogo ya mumewe.

"Wiliam," Fatu akasema kwa sauti, "nimekwambia ulete fundi aikague nyumba hii kabla hujanunua?"

"Umeniambia."

"Umekubali au umekataa?"

"Nimekataa mwenyewe. Sikulazimishwa na mtu."

"Tumesikia," akasema Osward, kwa uzito wa mtu aliyezaliwa kuwa shahidi.

"Mbona kama ndoa ya bomani?" Nesta akauliza, na wote wakacheka, hata Wiliam. Rozi peke yake hakucheka sana.

Fatu alipotoka, Rozi alimfuata mpaka getini. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho ya kuuliza. Wengine walikuwa bado uani, Osward anamweleza Wiliam habari za mipaka ya kiwanja.

"Dada, ngoja kwanza," Rozi alisema kwa sauti ya chini. "Mume wangu hawezi kuingia chumba kile, namwelewa. Na mimi sijaingia toka nyumba hii ijengwe. Nilikuwa nimeshaolewa, na kwetu binti aliyeolewa haingii hovyo wanakolala wazazi. Lakini wewe umeingia. Chumba kile kizima?"

Neno lilikuwa ulimini kwa Fatu. Ni neno fupi, herufi tatu, mtoto anaweza kulisema. Kumwambia Rozi hakukuwa na mwiko wowote. Rozi hakuwa mkwe wa mtu pale, alikuwa mwana. Angeingia ndani, angesogeza kabati, angemwita mama yake, mama angelia, Wiliam angesikia asilotaka kusikia. Biashara ingekufa pale pale getini, na kesho kibarazani wangesema Mama Ikram anaharibu nyumba za watu kwa mdomo.

"Mumeo ameridhika," Fatu akasema. "Amesema mbele ya balozi."

"Sikukuuliza mume wangu. Nimekuuliza wewe."

"Rozi, ni nyumba ya mama yako. Mama yako amelala chumba hicho miaka yote, na asubuhi ya leo ameamka humo."

Rozi akafikiri, kisha akaitikia kwa kichwa polepole. "Kweli," akasema. "Mama asingetuuzia ubaya."

Fatu hakuwa amesema uongo hata chembe. Huo ndio ufundi wa udalali, na anayesema dalali lazima awe mwongo hajawahi kukutana na dalali hodari.

Nyumba ikanunuliwa, Mama Enesi akarudi Mbozi na kitanda chake na sanduku lake. Kabati alisema ni zito, akaliacha. Wiliam na Rozi wakahamia, na hapo ndipo heshima ilipozaa mtoto mwingine: Wiliam hakuweza kulala katika chumba kile hata baada ya kukilipia. Ni chumba cha mama mkwe, kitabaki kuwa cha mama mkwe. Akakifanya stoo. Alisimama koridoni akiwaelekeza wapakia mizigo wapange magunia ya mchele mle ndani, ukutani, mpaka juu, na yeye mwenyewe hakukanyaga.

Biashara ilikwenda. Wazambia walikuwa wakija na kwacha zao wakiulizia mchele wa Kyela, na Rozi ndiye aliyekuwa akiwapimia. Fatu akipita barabarani Rozi alikuwa akimpungia mkono na kumwita ndani anywe chai. Fatu hakuingia hata mara moja. Alikuwa na haraka siku zote.

Mvua za Machi ziliponyesha mfululizo, ardhi ikalegea. Asubuhi moja Rozi aliingia stooni kumpimia mteja mchele. Sakafu ilishuka kwanza, kisha magunia, kisha ukuta wote wa nje ukaja ndani na dirisha lake na kabati lake. Nesta alisikia kishindo, akatupa karai, akapiga yowe mtaa mzima ukajaa. Wiliam alikuwa mpakani. Alikuja mbio, na siku hiyo ndiyo aliyoingia chumba cha mama mkwe wake kwa mara ya kwanza, akipita palipokuwa na ukuta, akichimbua matofali kwa kucha. Walipomfikia Rozi alikuwa amekwisha kufa.

Fundi Raphaeli alikuja kutazama, watu walipomwita. Alisema kwa ufupi: marehemu Ambilikile alijenga juu ya shimo la choo la mwenye kiwanja wa zamani, lilijazwa takataka na udongo likasahauliwa. Akauliza nani alikagua nyumba hii kabla ya kununuliwa.

Rozi alizikwa Ruanda. Baada ya mazishi, kabla msiba haujaanuliwa, ndugu wa Wiliam waliitisha kikao, na ujumbe ukateremka Tunduma kwamba yule dalali mwanamke aje. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mama Enesi hakuweza kulaumiwa, ni mkwe, tena mfiwa. Marehemu mumewe hakuweza kulaumiwa, ni marehemu. Wiliam ni mtoto wao. Alibaki nani? Kibarazani walimwambia Fatu apande basi kama Yassir. Alifikiri usiku kucha akaamua kwenda. Akikimbia, jina limekwisha, na hana jina lingine. Akawachukua Osward na Nesta.

Baba mdogo wa Wiliam, mzee Lusubilo, ndiye aliyeongoza kikao. Wanaume walikaa upande mmoja wa ua, wanawake upande mwingine, na katikati ya wanawake Mama Enesi alikuwa amejifunika kitenge gubigubi, amempa mgongo mkwe wake hata siku hiyo.

"Mama," mzee Lusubilo alimwambia Fatu, "ulimuuzia kijana wetu kaburi. Tueleze."

Fatu hakujitetea. Alimwomba balozi aseme. Osward alivua kofia, akasimulia kila neno la siku ile: fundi ametajwa, fundi amekataliwa, amekataliwa kwa hiari. Nesta akaapa ni kweli tupu, machozi yanamtoka kwa sababu siku ile alicheka. Mzee Lusubilo akamgeukia Fatu.

"Ulikuwa unajua? Mbona uliita mashahidi, kama hukujua?"

"Naita mashahidi kwa kila anayekataa fundi, mzee, tangu mwenzangu alipopigwa. Lakini sitakuficha. Ufa niliuona. Nilifungua mdomo nimwambie Wiliam, akaninyanyulia mkono, akasema neno la chumba kile lisimfikie."

Wote wakamtazama Wiliam. Alikuwa amekonda, mikono bado ina vidonda vya matofali.

"Ni kweli," akasema. "Nilimzuia."

Ndipo sauti ikatoka chini ya kitenge, upande wa wanawake. "Nilimngoja fundi," Mama Enesi alisema, akiongea na ardhi. "Nilijua mnunuzi lazima alete fundi. Nikasema fundi akija ataona mwenyewe, atamwambia, nitapunguza bei. Mimi ningemwambiaje? Mkwe hasemi na mkwe. Nilimngoja. Hakuja." Kisha akaanguka kifudifudi, na wanawake wakamfunika kwa vilio.

Mzee Lusubilo aliwangoja wanawake watulie. Mwishowe akasema mgeni hana kosa. Alisema na la zaidi: kwamba katika watu wote wa habari hii, mgeni ndiye peke yake aliyejaribu kusema. Akamwomba radhi mbele ya kikao, wakampakulia chakula, na mashahidi wake wakala kwa raha ya watu waliofanya kazi yao. Fatu alimega ugali tonge moja, akanawa mikono.

Wiliam alimsindikiza mpaka barabarani. Osward na Nesta walikuwa mbele, wakisimamisha gari.

"Dada," Wiliam alisema, "nisamehe. Kuna jambo moja linanitafuna. Rozi alikuwa mtu wa kuuliza. Hata chumvi aliiuliza imetoka wapi. Siku ile alikufuata getini, niliwaona, mkasimama kidogo. Alikuuliza kitu?"

Fatu alitazama barabara. Balozi hakuwepo getini siku ile. Nesta hakuwepo. Aliyekuwepo amelala pale juu, chini ya udongo mbichi. Ungekuwa ni wakati wa kusema ndiyo, aliniuliza, na mimi nilimjibu kwa maneno ya kweli yaliyomuua. Mtu huyu angemchukia mpaka kufa kwake, lakini usiku angelala, hata kama ni kidogo.

"Aliniaga tu," Fatu akasema.

Wiliam akatikisa kichwa, tena na tena, kama anayepokea kitu kizito na kutafuta namna ya kukishika.

"Basi ni mimi," akasema. "Ni mimi peke yangu."

Gari lilikuwa limesimama, Nesta anaita. Fatu akampa pole, akapanda.